Kwikwi kwenye Kona ya Ngazi

Ndani ya wiki moja Shangazi aliomba tambara la tatu la kudekia. Shangazi alikuwa mfagiaji wa jengo la wakala wa vipimo na mizani, mama wa makamo asiyependa kuombaomba, na Mzee Funguo, msimamizi wa jengo hilo, akamtazama juu ya miwani akamuuliza kama siku hizi anadeki ofisi au anadeki mji mzima. Shangazi hakucheka. Alisema kuna mahali pamoja tu panapomaliza matambara yake, pale ngazi zinapokunja kona kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Anapafuta asubuhi, na kabla hajafika chini pameshalowa tena. Akasogea karibu na meza, akateremsha sauti.

"Na maji yenyewe, Mzee, si ya baridi. Yana uvuguvugu, kama yametoka mwilini mwa mtu."

Mzee Funguo akaandika kwenye daftari lake kwamba bomba linavuja. Kwa miaka ishirini na sita ndiye aliyegawa vyumba, meza, viti na funguo za jengo lile la ghorofa tano. Watumishi walimtania kwamba ukimwomba feni anakupa fomu, na kwa joto lilivyo, hiyo fomu ndiyo utakayojipepea nayo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, anayefuatwa na watu wanane kwa siku kila mmoja na shida yake, na alikuwa amejifunza kwamba wengi wao, ukiwaacha wiki mbili, husahau walichotaka.

Fundi bomba alikuja, akagonga ukuta huku na huku, akasema hapo hakuna bomba, wala kwenye ramani halikuwahi kuwapo. Mzee Funguo alimwacha aendelee kupekua, akashuka kupokea simu. Hazikupita dakika kumi akamwona fundi anakatiza mapokezi kwa hatua ndefu, mikono mitupu. Begi lake la vifaa alikuwa ameliacha juu, na hakurudi kulichukua.

Baada ya hapo watu wa ghorofa ya nne wakaanza kupanda ngazi wawiliwawili. Mpiga chapa ndiye aliyesema kwanza kile ambacho wenzake walikuwa wamekisikia wakakinyamazia. Ukifika kwenye ile kona peke yako, alisema, unasikia kwikwi, kwikwi ndogo ya mtoto mchanga aliyemaliza kunyonya. Unasimama, nayo inasimama. Unapanda, inakufuata ngazi moja nyuma yako. Wengine wakaongeza habari ya harufu, kwamba kwanza unasikia maziwa ya mama, halafu nyuma ya maziwa inakuja harufu ya chuma. Hakuna aliyesema ni damu. Wote walijua damu hiyo ilitoka kwa nani.

Karani wa masijala walimwita Kimya, kwa sababu alikuwa na uwezo wa kukutafutia jalada la miaka kumi iliyopita na kukuwekea mezani bila wewe kujua aliingia saa ngapi. Alikaa kwenye ndoa miaka tisa bila mtoto. Mimba ilipoingia, lifti ya jengo ilikuwa imeharibika tayari, na kila aliyeuliza alijibiwa kwamba kipuri kimeagizwa. Masijala ilikuwa ghorofa ya nne. Kimya alipofika mwezi wa sita, miguu ikavimba, akaandika barua fupi kwa msimamizi wa jengo akiomba meza yoyote chini, popote pale, hata koridoni, mpaka atakapojifungua. Mzee Funguo akaisoma, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: Hakuna nafasi kwa sasa. Avumilie.

Nafasi ilikuwapo. Nyuma ya mapokezi kulikuwa na chumba chenye dirisha, kimejaa viti vibovu vinavyosubiri kamati ya kuviondoa. Kuvihamisha viti hivyo kulitaka fomu yenye sahihi tatu, na siku ile Mzee Funguo hakuwa na nguvu ya kuzifuata sahihi tatu.

Wiki tatu baadaye Kimya alianguka kwenye kona ya ngazi, majalada yakatawanyika mpaka ghorofa ya pili. Shangazi ndiye aliyemshika kichwa. Wanaume walimteremsha akiwa amekalishwa kwenye kiti, wakipokezana kila ghorofa. Mtoto alizaliwa hospitalini saa kumi jioni, hakupumua. Ofisi ilichanga rambirambi, mkurugenzi akatuma maua, na Kimya akapewa likizo.

Sasa zilikuwa zimepita wiki tano, na Mzee Funguo akaona hana budi kupanda mwenyewe. Alichagua saa saba mchana, watu wakiwa wametoka kwenda kula, akiamini kwamba mambo ya namna ile hayana nguvu mchana. Alipokuwa ghorofa ya kwanza umeme ukakatika, na ngazi za jengo lile hazina dirisha. Aliendelea kupanda akipapasa ukuta, ghorofa ya pili akijiambia ni panya, ya tatu akiwa hajiambii tena kitu kwa sababu harufu ilikuwa imeshamfikia, maziwa kwanza, chuma baadaye, na giza la pale halikuwa giza la umeme kukatika bali giza lenye uzito na joto, kama blanketi alilolalia mgonjwa, na alipokanyaga kwenye kona akasikia kiatu chake kinanata kwenye ule unyevu, na kwikwi ikatoka chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu wake, moja, ikanyamaza, ikaja nyingine, kisha kitu kidogo chenye vidole, vidole alivyoweza kuvihesabu kimoja kimoja kupitia kitambaa cha suruali mpaka vikatimia vitano, kikamshika shavu la mguu na kung'ang'ania, wala hakikumvuta wala hakikumfinya, kilimshika tu kama mtoto anavyomshika mtu mzima anayetaka kuondoka.

Hakukumbuka alivyoshuka. Alijikuta kwenye kiti chake, suruali imelowa mpaka gotini, barua ya Kimya iko mbele yake na hajui aliitoa saa ngapi kwenye jalada. Alikaa akiitazama. Halafu akainuka, akakifungua kile chumba cha nyuma ya mapokezi, akaanza kuvitoa viti kimoja kimoja kwa mikono yake, bila fomu na bila kamati. Vilikuwa thelathini na kimoja. Kazi yote ilimchukua muda usiozidi saa mbili, na hizo saa mbili ndizo zilizomuuma kuliko vile vidole.

Kimya aliporudi kazini alimkuta Mzee Funguo anamsubiri mlangoni. Chumba kilikuwa kimepakwa rangi, kina meza, feni na pazia. Alimpa ufunguo kwa mikono miwili. Kimya akautazama, akamshukuru kwa upole, akasema atakaa juu kulekule. Mzee Funguo akajaribu kumweleza kwamba ngazi haziko sawa siku hizi, kuna unyevu, asije akateleza. Kimya alikuwa ameshaanza kupanda. Shangazi, aliyekuwa ghorofa ya tatu na ndoo yake, alisema baadaye kwamba binti yule alipofika kwenye kona alisimama ghafla, akaegemeza kiganja ukutani kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani, halafu uso ukamfunguka kwa tabasamu ambalo Shangazi hakuwahi kuliona kwake, hata siku aliyotangaza mimba.

Tangu siku hiyo kwikwi haikumfuata mtu mwingine. Watu wa ghorofa ya nne wakashukuru, wakarudia kupanda mmoja mmoja, wala hawakuuliza mengi. Lakini Kimya alianza kukaa kwenye ile kona saa za chakula, peke yake, na chakula chake kikarudi nyumbani jinsi kilivyokuja. Mwezi haukuisha mashavu yakazama, sketi ikafungwa kwa pini, na majalada yakaanza kupotea masijala, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Ukimsemesha alikujibu vizuri, kwa furaha, huku sikio lake moja limegeukia ngazi.

Siku moja Shangazi alishuka akaufunga mlango wa Mzee Funguo nyuma yake. Alimsimulia kwamba amemkuta Kimya ameketi kwenye kona, blauzi imefunguliwa, mikono ameikunja kifuani kama aliyebeba, na ndani ya mikono hamna kitu.

"Maziwa yalikuwa yanatoka, Mzee," alinong'ona. "Yanatoka kabisa. Na hakuna tone lililofika sakafuni."

Kesho yake akaja mume wa Kimya, fundi wa kuchomelea, mikono imejaa alama za moto. Alikaa bila kukaribishwa. Alieleza kwamba mkewe usiku hulala kama gogo, alfajiri huamka kabla ya jogoo ili awahi ofisini, na Jumapili huzunguka ndani ya nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nguo zake za kifua zina damu, kwa sababu maziwa hayatoshi na bado kuna anayenyonya. Daktari amempima, haoni ugonjwa. Aliyasema yote hayo akitazama sakafu, na mwisho akainua uso.

"Mzee, mke wangu anakwisha. Na anakwisha akifurahi."

Mzee Funguo alipanda kwa afisa tawala kutoa taarifa. Afisa tawala alimsikiliza, akamwambia alete kwa maandishi. Aandike nini, Mzee Funguo alijiuliza wakati anashuka, kwamba kuna mpangaji ameingia bila barua? Akamwendea Shangazi.

Shangazi alikuwa na shemeji yake, fundi wa kutengeneza saa, ambaye watu wenye shida za namna hiyo walimfuata kimyakimya kwa uganga wake. Alikuja Ijumaa ofisi zikifungwa, shati limechomekwa vizuri, akapanda ngazi peke yake, akakaa huko kitambo. Aliposhuka aliomba maji ya kunawa, akanawa mpaka viwikoni, ndipo akasema.

"Mtoto wa yule binti yuko kwa Mungu, ametulia. Huyu ni mwingine. Ni jini asiye na makao. Alikuwa anapita, akakuta damu ya uzazi haijaliliwa na moyo wa mama uko wazi, akaingia. Hana chuki na mtu, ana njaa tu. Lakini njaa yake haina mwisho, na binti ana mwisho."

Mzee Funguo akauliza kama anaweza kuondolewa. Mganga akajibu kwamba anaweza, ila lazima mama awepo na amkane kwa kinywa chake. Basi Mzee Funguo akaenda mwenyewe nyumbani kwa Kimya jioni ile. Hakumdanganya. Alimweleza yote, hadi vile vidole vitano. Kimya alisikiliza hadi mwisho, akasema atakuja. Atakuja kumtetea, alisema, maana wakati ule hakupata nafasi ya kumtetea.

Jumamosi saa nne asubuhi jengo lilikuwa tupu. Mume alifika mpaka mapokezi, miguu ikamkatalia kwenda mbele, Shangazi akabaki naye. Juu walipanda watatu. Mganga aliweka kitezo kwenye ngazi, akatia ubani, na moshi haukupanda. Ulilala, ukatambaa kwenye ngazi kama maji yanayotafuta mteremko, ukakusanyika kwenye kona juu ya ule unyevu na kuzunguka hapo taratibu. Mganga akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Kimya aliketi sakafuni, mgongo ukutani, mikono ameikunja, mifupa ya shingo inahesabika. Kwikwi ikaja. Halafu kwenye kwikwi yakatoka maneno, kwa sauti ya mtoto asiyefaa kuwa na maneno bado, laini, kamili, bila kukosea hata herufi.

"Mama. Nani hawa?"

Nywele za Mzee Funguo zilisimama mpaka za mikononi. Kimya alijibu kwamba asiogope, ni watu wa kazini.

Mganga alimwambia Kimya kwamba kama anaamini ni wake, amuulize jambo moja tu ambalo mwanawe hawezi kukosa. Kimya alikataa. Mganga akasema basi atasubiri. Walisubiri kwa muda mrefu, moshi ukizunguka, mpaka Kimya akauliza kwa sauti iliyosikika kwa shida, "Wewe ni mwanangu wa kike au wa kiume?"

Kwikwi moja. Kwikwi ya pili.

"Wa kiume, mama."

Kimya akafumba macho. Mganga akamuuliza kama jibu ni la kweli, na akamtazama Mzee Funguo, labda yeye anajua. Mzee Funguo hakujua. Jengo zima lilichanga rambirambi na hakuna aliyewahi kuuliza.

"Ni kweli," Kimya akasema. "Ndiye. Mwacheni."

Mganga alipangusa jasho. Mama amemkubali, alisema, na kwa hilo hana la kufanya. Ndipo ile sauti ikageuka, ikaelekea pale aliposimama Mzee Funguo.

"Mama amenikaribisha. Mwenye funguo anasemaje?"

Mganga aliinua kichwa haraka. Alimwambia Mzee Funguo kwamba umepatikana mlango. Mgeni ameomba makao kwa anayegawa makao, na akikataliwa na huyo hawezi kukaa. Amjibu wazi, asizungukezunguke.

Kimya alikuwa ameshapiga magoti. Alimkamata Mzee Funguo mkono wenye funguo, na mkono wake mwenyewe ulikuwa mwepesi kama karatasi. "Mzee, kile chumba cha chini sikitaki. Mpe hapa tu. Hapa kwenye kona, ni padogo, hapamzuii mtu kupita. Nilikuomba mara moja. Hii ni ya pili. Sitakuomba tena kitu."

Alimtazama. Aliziona zile pini kwenye sketi, akayaona madoa kwenye blauzi, akamkumbuka mwanamume mwenye alama za moto aliyebaki chini mapokezi, miguu imemkatalia. Maneno yaliyokuwa yakimtoka kila siku bila kufikiri, leo ilibidi ayaanze mara mbili.

"Hakuna nafasi," akasema. Akalia, akasema tena akiwa analia. "Hapa hakuna nafasi yako. Nenda."

Mganga akamwaga maji. Moshi ukainuka wote kwa pamoja ukagonga dari. Kwikwi ikaanza kushuka, ngazi moja, ngazi moja, polepole, kama kitu kifupi ambacho kila ngazi kwake ni mlima, ikapita ghorofa ya tatu, ya pili, ya kwanza, na kila ilipopita Kimya alikuwa anaiita, bila jina, kwa kusema tu njoo, njoo, mpaka huko chini ukasikika mlango wa mbele unafunguka na kujifunga. Unyevu ukakauka kuanzia pembeni kwenda katikati, kama pumzi inavyofutika kwenye kioo. Kimya alilaza shavu pale palipobaki kukauka mwisho.

Walipomwinua alikuwa ametulia kabisa. Alimwambia Mzee Funguo neno moja tu, wala hakupandisha sauti. "Mara ya kwanza hukujua unafanya nini. Leo umejua."

Alipona. Mwili ulirudi, akaomba uhamisho, akapata kituo kingine. Mwezi uliofuata lifti ilitengenezwa, ikagundulika kwamba kipuri kilifika siku nyingi na kilikuwa kimekaa stoo kikisubiri mtu wa kukipokea kwa sahihi. Watumishi walishangilia. Mzee Funguo aliendelea kutumia ngazi, na kila alipofika kwenye ile kona, kavu sasa na safi, alisimama kidogo kupumua.

Mwaka ulikaribia kuisha Kimya alipotokea mlangoni kwake. Alikataa kiti. Alieleza kwamba mumewe alimzika mtoto wakati yeye hajitambui, na hadi leo hajafika kaburini. Wamejaribu mara tatu kwenda pamoja, na kila mara mume anafika njia panda anageuza. Peke yake hawezi.

"Sijakusamehe," akasema. "Lakini hakuna mwingine wa kwenda naye."

Mzee Funguo akafunga ofisi mchana kweupe, watu watano wakiwa kwenye foleni.

Kaburi lilikuwa dogo kuliko alivyotegemea, majani yamelifunika, na ilibidi wamuulize mchimba makaburi mara mbili. Walisimama. Yeye alibaki nyuma, mikono ameiweka mbele, hajui afanye nini na macho yake. Baada ya muda Kimya akasema bila kugeuka, "Alikuwa wa kike."

Upepo ukapita kwenye majani. Mzee Funguo aliisikia tena ile sauti laini ya kwenye moshi ikisema wa kiume, mama, na yeye Kimya akijibu ni kweli, ndiye.

"Kumbe ulijua," akasema. "Wakati ule unaniomba, ulishajua si wako."

"Nilijua. Mikono ilikuwa mitupu, Mzee."

Kisha akapiga magoti, akaanza kung'oa majani, na katikati ya kung'oa akaanza kulia, kwanza kidogo, halafu kwa sauti kubwa iliyopasuka, ya mtu aliyeita tangu mwanzo asijibiwe. Mzee Funguo akazunguka upande wa pili wa kaburi, akakunja mikono ya shati, akapiga magoti, akaanza kung'oa naye.